Kidoti Kisichotulia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika gengeni nahesabu nimesafiri. Ndiyo maana mpangaji wangu wa chumba cha uani, binti wa Kondoa anayesoma shahada ya pili pale chuoni Chimwaga, alinikera kuliko ambavyo angemkera mtu mwenye shughuli zake. Kompyuta yake ya mezani ilivuma kutwa kucha, nami sina pengine pa kwenda.

"Hiyo mashine inasaga nini?" nilimuuliza. "Mbona unga hatuuoni."

"Inafuatilia atomi, baba mwenye nyumba. Ukizimulika kwa leza kutoka kila upande zinapoa, zinapunguza mbio. Ila mwanga wenyewe unazipiga vikumbo vya kubahatisha, hiki huku, hiki kule, kwa hiyo hazisimami kabisa."

"Basi jibu unalo. Hazisimami. Zima."

"Nataka kujua zinatangatanga kiasi gani. Na umeme usiguswe hadi Jumatatu. Siku hiyo namwonyesha msimamizi wangu. Asiporidhika, sihitimu na wenzangu."

Amri, ndani ya nyumba yangu. Na mimi ndiye yule ambaye alama yake ya fizikia kidato cha nne mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini, kwa huruma.

Jumamosi alikwenda Makutupora kumsaidia shangazi yake kuvuna zabibu. Upepo ukaleta vumbi, nikaenda kumfungia dirisha. Wema huo nautaja kwa sababu sina mwingine. Kwenye skrini, kidoti kilianza katikati, kikayumba, kikakoma. Kikarudi katikati, kikayumba tena. Tena. Tena. Nikasema moyoni: msomi wetu huyo, mashine imekwama kama sidii yenye mikwaruzo, naye yuko kwenye zabibu. Nikaenda barazani nikashusha swichi kuu ya nyumba nzima, kisha nikakaa nimsubiri nimcheke.

"Ilikwama," nilimwambia aliporudi. "Inarudia hesabu ileile."

Alikaa kwenye ngazi, ndoo ya zabibu miguuni.

"Haikukwama. Vikumbo ni vya kubahatisha, kila safari inatoka tofauti. Safari moja haisemi kitu. Zinarudiwa maelfu, ndipo unapata wastani. Ilibaki siku moja."

"Si uwashe iendelee?"

"Inaanza upya."

"Ungehifadhi."

"Ningepanga kwa mtu mwenye utu."

Hiyo iliniingia.

Jumatatu alipeleka kilichopatikana kwa siku moja, mchoro wa safari chache, mstari wake umechongoka kama meno ya msumeno. Msimamizi akamrudisha, na wenzake wakahitimu bila yeye. Shikamoo yake ikakoma. Alinipita uani kama anapita mtungi, na majirani, ambao hawajawahi kunipenda, walianza kunisalimia kwa bashasha ya kunicheka.

Mwisho wa mwezi alihama. Bajaji ilipofika niliinuka kumbebea kompyuta.

"Hiyo acha," alisema. "Beba godoro."

Nikabeba godoro.