Mgonga Viatu wa Yaya Furaha

Ko, ko, ko. Wenzangu mliokua Bertrams, hapa Johannesburg, miaka ile ya 2016, 2017, labda ninyi mnakumbuka kelele za uwanjani siku za mechi. Mimi nakumbuka viatu vya yaya Furaha vikigongwa kwenye ngazi za saruji za ukumbi wa kanisa. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa sisi wa Bukavu, kule Kongo. Vilikuwa viatu vya baleti, rangi ya waridi, ncha zake ngumu kama ubao, na kazi ya kuvilainisha ilikuwa yangu.

"Gonga mpaka vinyamaze," mwalimu wetu aliniambia. "Watu wamwone anaruka, wasimsikie anashuka."

Mwalimu huyo alikuwa mjane wa Kirusi, mzee, tukimwita Gogo Vera, gogo ni bibi kwa Kizulu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu karibu kama cha mama, lakini amri zote za baleti ni za Kifaransa, na yaya alikisoma Kifaransa kabla hatujahama. Gogo akisema "Plié!" watoto wa Kizulu wanabaki wanatazamana, yaya ameshakunja magoti. Siku nilipomweleza mama, ambaye ni fundi cherehani, kwamba plié maana yake ni kukunjwa, alicheka mpaka akatoa pini mdomoni: "Kumbe batu nao wanakunjwa kama sketi!"

Baada ya mazoezi tulikula magwinya, maandazi ya moto ya spaza, kiduka cha mtaani, mafuta yanachuruzika hadi viwikoni, na Gogo anatusimulia. Kwamba zamani Warusi walichukua ngoma ya wafalme wa Ufaransa wakaifanya yao. Kwamba kundi moja lilikwenda Paris na muziki wenye vishindo, watazamaji wakatukanana kwenye viti. Kwamba kulikuwa na kijana aliyeruka akawa kama amesahau kushuka. Kisha kwao kukaharibika, wasiweze kurudi, wakawa wanacheza mji hadi mji na masanduku yao, na kila walipopita mmoja alibaki akafungua shule.

"Walipanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi, kama sisi?" nikamuuliza.

"Sana, mtoto wangu. Sana."

Basi kumbe walikuwa watu wa kwetu. Toka siku hiyo niliwapenda kama ndugu.

Mwaka mmoja kundi la Warusi likaja Johannesburg kucheza wiki nzima. Kocha wao angepita ukumbini kwetu Jumanne saa nane mchana, achague wasichana wawili wa kusimama nao jukwaani. Yaya alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuna aliyekuwa na shaka juu yake. Lakini Jumanne hiyohiyo karatasi ya ukimbizi ya mama ilikuwa inakwisha, lazima awahi foleni Pretoria. Kiingereza cha mama hakikutosha ofisini, kwa hiyo mimi na yaya tulipokezana kwenda kumsemea. Zamu ilikuwa yangu.

Nami nilitaka kumwona Mrusi akiruka. Miaka kumi na mmoja, akili gani? Alfajiri nikashika tumbo.

Mama akaniinamia. "Tumbo inauma kweli, ao ni foleni ndiyo inakuuma?"

"Inauma, mama."

Yaya alikuwa ameshabana nywele kwa pini kumi na mbili. "Mwache alale, mama, nitaenda mimi. Saa sita tutakuwa tumerudi." Akanigeukia. "We mgonjwa, ukipata nafuu nigongee viatu. Nikifika nivae tu."

Nikaenda ukumbini, nikagonga. Saa sita, saa saba. Saa nane akaja kocha, mwanamke mwembamba mwenye koti jeusi, na hakuruka hata mara moja. Alitazama, akachagua wawili, akanywa chai, akaondoka. Gogo Vera muda wote macho yake yalikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa ngazini bado nagonga, viatu vimekuwa laini kama mkate uliolowa.

Walirudi nyumbani saa kumi na moja, wakanikuta mlangoni. Pini zote bado zilikuwa kichwani kwa yaya. Akaviangalia viatu mkononi mwangu.

"Tumbo?"

"Limepoa."

"Sharp," akasema, yaani sawa, akaingia kumvua mama viatu, maana miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama.

Alirudi ukumbini mara mbili tatu, kisha akaacha.

Siku hizi wadogo zetu wanajifunza kucheza kwenye simu. Nilimwambia mmoja kwamba sisi tulikunja magoti miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kuruka, akanijibu, "Eish, sista, si betri itakwisha!" Nikacheka. Lakini Gogo ameshafariki, ukumbi umekuwa ghala la matairi, na yaya anasuka nywele saluni moja Randburg. Husimama tangu asubuhi nyuma ya kiti cha mteja, visigino vimegusana, vidole vinatazama nje, vile Gogo alivyotufundisha. Mwenyewe hajui.

Kuhusu tumbo langu, sijamwambia mpaka leo.

Jumapili iliyopita, yaya na mama wakiwa kanisani, nilivitoa viatu vile chini ya kitanda chake. Nikakaa kwenye ngazi za nyumba yetu, nikagonga kimoja, mara moja tu. Hakikutoa sauti. Nikavifunga tena kwenye kitenge alichovihifadhia na kuvirudisha kabla hawajafika.