Simu Iliyopokelewa Kama Ng'ombe

Saa kumi na mbili asubuhi, pembeni mwa soko la Virunga mjini Goma, Perpétue Nyirarukundo anapangusa jibini za mviringo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Simu ya mteja inalia. Anainamisha kichwa kana kwamba ameitwa yeye. Miezi sita imepita tangu volkano ilipuke, na mlio huo bado unamtia haya.

"Sipendi kuusikia," anasema. "Unanikumbusha vile nilimutenda mutoto."

Mama huyu wa miaka arobaini na sita alizaliwa Masisi, kwenye vilima vya ng'ombe. Uasi wa mwaka 2012 uliifukuza familia yake hadi Goma. Jibini humpa faida ya dola nne kwa siku, siku ikiwa nzuri. Mumewe, Célestin, ni mwalimu. Mshahara wake huja unapojisikia.

"Watu banasema siye tunajiweza," anacheka kidogo. "Mwenye kujiweza haombi. Anakufa na yake moyoni."

Binti yao Julie alipoingia chuo kikuu, masomo yakawa yanatumwa kwa simu. Simu ya kuyafungua ilikuwa dola mia moja na ishirini dukani. Perpétue alingoja zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana wa akina mama wa soko, akapata dola themanini, akaenda nazo Birere, mtaa wa wachuuzi. Mchuuzi mmoja wa barabarani akamwita: "Mama, njoo, hii ni ya themanini tu!"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani alikuwepo wa kumkumbusha? Alionyeshwa simu inayowaka, akapigwa hata picha. Simu ikarudi kwenye boksi, boksi likafungwa kwa gundi. Kumbe boksi alilokabidhiwa lilikuwa jingine!

Jumapili akawaita akina mama wa kanisa, akampa Julie zawadi mbele yao. Kwa watu wa vilima vile, zawadi kubwa huitwa ng'ombe, na aliyepewa ng'ombe humshukuru mtoaji hadharani. Kumtafutia ng'ombe huyo kasoro mbele ya watu ni kumvua nguo aliyekupa. Julie akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akainua uso na kusema kwa sauti: "Mama alinipa ng'ombe!" Vigelegele vikajaa uani.

Wiki tano binti alitembea nayo, huku akinakili masomo kwa mkono kutoka simu ya mwenzake Mahoro. Nyumbani alisema ameizima ili kutunza moto wa betri.

Ikafika ile Jumamosi ya Mei 2021. Anga likawa jekundu, watu wakakimbilia mji jirani wa Sake, na mama na binti wakapoteana njiani. Perpétue alipiga laini ya Julie kwa simu ndogo ya Célestin hadi kukapambazuka. Namba haipatikani.

"Nilisema, basi, mutoto wangu amekufa."

Asubuhi alimkuta uani mwa kanisa huko Sake, mzima. Hofu ikageuka hasira. Akamchapa kofi mbele ya akina mama wale wale. "Nilikununulia simu ya nini? Unaizima wakati tunakutafuta kama maiti!"

Julie alifungua mfuko wake, ambamo hamkuwa na nguo wala chakula, akatoa boksi. Akabandua mgongo wa simu. Ndani mlikuwa na kipande cha kigae.

"Mama, sikutaka upate haya," alisema.

Lo! Perpétue aliomba ardhi ipasuke immeze, na siku zile Goma ardhi ilikuwa ikipasuka kweli.

"Yeye alinifunika mbele ya watu. Miye nikamuchapa mbele ya watu," anasema, akipangusa jibini iliyokwisha kung'aa. "Nilimuambia atupe ile kitu ndani ya ziwa. Akakataa. Akasema ni ng'ombe yake."

Zamu yake ya likelemba inarudi mwezi ujao. Njia ya Masisi ina vizuizi vya wenye bunduki, jibini imepanda bei, na dola mia moja na ishirini bado ni mlima. Hata hivyo amekwisha kupanga. Safari hii wataingia dukani wawili, yeye na Julie, laini itawekwa palepale na simu itapigwa. Kisha akina mama wale wale wataitwa tena uani.

"Nitaanza na kumuomba musamaha, mbele yao," anasema. "Kiisha nitamupatia. Akiona iko mubaya, aseme. Aseme kwa nguvu, watu wote basikie."