Msitu wa Juu ya Chemchemi

Udongo wa shamba la ukoo, ukichukuliwa na mvua hadi bondeni, hubaki kuwa wa nani? Jana bomba la nyumbani kwangu, hapa Morogoro mjini, lilitoa maji mekundu yenye harufu ya mizizi mibichi, na harufu ile ikanirudisha mlimani, utotoni.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo, tukahamia kwao mama. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, hivyo baba alilazimika kumwomba mjomba kipande cha msitu juu ya chemchemi, alime kabichi za kuuza mjini.

"Miti ile hunasa ukungu, ukadondoka na kuzama ardhini. Ndiyo maji tunayokunywa," mjomba alisema. "Mizizi ikioza, mlima utashuka."

"Shemeji, watoto hawatafuni ukungu."

"Kwani kiwandani mlikuwa mnatafuna nyuzi?"

Hakuna aliyecheka. Mama aliyatazama magimbi machache yaliyobaki chunguni.

"Kaka," alisema taratibu, "watoto hawa si wa ukoo wa baba yao, ni wa ukoo wetu. Wakimalizwa na njaa, msitu huo utamrithisha nani?"

Mjomba alichochea moto uliokuwa ukififia.

"Basi tutafyeka," alisema hatimaye. "Ila mti wa kwanza asiuguse mgeni."

Asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito, alitangulia yeye mwenyewe na shoka, akauangusha ule mkubwa kuliko yote.