Majina Chini ya Ukurasa

Mpwa wangu alipokuja kuishi kwetu Munyaka, alikuja na begi moja la nguo na kompyuta iliyobandikwa vibandiko hadi rangi yake haikujulikana. Mama yake, dada yangu, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ainabkoi, na alinikabidhi kijana kwa maneno machache: "Amebakisha mwaka mmoja. Wewe umesoma. Hakikisha amemaliza." Nilikubali kwa uzito wa mtu aliyeombwa kulinda daraja. Nina digrii mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake, na nilifurahi kwamba hatimaye zimepata kazi.

Nilidhani anasomea kompyuta ili aajiriwe. Wiki chache baadaye niligundua kwamba tayari ana kazi, tena nyingi, na hakuna hata moja yenye mwajiri. Kuna watu duniani wanaotengeneza programu za tovuti na kuziacha wazi, ili yeyote azichukue, azisome, azirekebishe na kurudisha alichorekebisha. Wao huziita programu huria. Mimi nilikuwa na jina lingine, ambalo mke wangu alinikataza kulitumia mezani.

Kijana alikuwa amejitwika miradi mitatu ya watu asiowajua. Mmoja ulikuwa wa kupanga picha kwenye tovuti, mwingine wa kutengeneza fomu, na wa tatu alikuwa anautafsiri kwa Kiswahili, jambo lililonigusa hadi nilipoona tafsiri yenyewe. Aliruka kutoka mmoja hadi mwingine kama mwanamke mwenye sufuria tatu jikoni na jiko moja. Ugali ulikuwa unapoa mbele yake huku akiandika.

"Unaandikia nani?" nilimuuliza siku moja.

"Tunabishana, Anko. Kuna jamaa anataka kitufe kikae kulia."

"Na wewe?"

"Kushoto."

"Na mwenye kitufe anasemaje?"

"Hakuna mwenye kitufe. Ni chetu sote."

Nimeketi katika kamati nyingi, za kanisa na za chama chetu sisi tuliotoka upande wa ziwa, na ninajua hatima ya kitu kilicho chetu sote: hukosa wa kukifagia. Nilimweleza hivyo kwa kirefu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba kitufe kimekubaliwa kikae katikati. Walikuwa wamebishana kwa wiki nzima. Kamati yetu ya ujenzi wa choo cha kanisa ilimaliza haraka kuliko hapo, na sisi tuna watu wanaosimama kuongea ili tu makoti yao yaonekane.

Mradi wa nne ulikuwa wake mwenyewe, na huo ndio uliokuwa na maana kwa dada yangu. Ili ahitimu, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutengeneza kitu na kukitetea mbele ya jopo la walimu. Kijana alikuwa ameenda mji mdogo wa Ziwa siku ya soko, akaona wakulima wameketi kando ya barabara na mitungi ya maziwa wakisubiri lori ambalo mvua ikinyesha hulikwamisha popote inapotaka. Akatengeneza ukurasa mdogo wa mtandao. Dereva akifika kituo kimoja anabonyeza simu yake, na wale wa mbele wanaona lori litawafikia saa ngapi. Hata mimi, niliyekuwa nimejiandaa kudharau, ilibidi nitafute kwa bidii cha kudharau. Nilikipata chini kabisa ya ukurasa.

Chini ya ukurasa kulikuwa na majina. Alikuwa ameuacha mradi wazi kama desturi yao, na kila aliyegusa chochote aliwekwa hapo, na maelezo ya alichofanya. Aliyefanya maandishi yasomeke na wenye macho dhaifu alikuwepo. Aliyerekebisha tarehe alikuwepo. Kulikuwa na mtu ambaye mchango wake wote duniani ulikuwa koma moja.

"Huyu naye umemshukuru?"

"Alisaidia, Anko."

"Koma?"

"Ilikuwa haifai pale."

Basi, yule aliyesaidia wenye macho dhaifu alikuwa mtu wa nchi fulani ya baridi, na alikuwa mwema, na wema huo ndio ulioleta hasara. Siku moja aliangalia ukurasa akaona lori la maziwa linafika Ziwa saa 1:00. Akahesabu saa za Kenya, akaona ni usiku wa manane, akashangaa ni lori gani hili linalozunguka usiku. Kwake hiyo ilikuwa hitilafu. Akairekebisha kwa mkono safi, akasogeza saa zote mbele kwa sita ili zilingane na saa ya kompyuta, akatuma marekebisho pamoja na salamu. Mpwa wangu alikuwa katikati ya vita vingine vya kitufe. Aliona jina la rafiki, akabonyeza kukubali, akarudi vitani.

Kesho yake tukiwa kwenye chai ya asubuhi simu yake ililia. Ilikuwa ni mama anayepokea maziwa pale Ziwa, mtu ambaye hahitaji spika ili asikike meza nzima.

"Kijana, lori inapita hapa saa ngapi?"

"Saa moja, Mama."

"Sasa mbona simu inasema saa saba? Watu wamekaa nyumbani. Lori imekuja, imepata mimi na watu wawili, imeenda. Hii maziwa yote itaenda wapi?"

Alifungua kompyuta. Nilimwona akisoma, na uso wake ukapoteza vibandiko vyote. Alirekebisha saa kabla chai haijapoa, lakini maziwa ya Ziwa hayakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Nilisikia baadaye kwamba siku hiyo ndama na majirani walikunywa vizuri.

Jopo lilikuwa linakutana wiki hiyo hiyo. Nikaona wakati wangu wa kulinda daraja umefika. Nilimwita sebuleni nikampa ushauri wa mtu mzima: atoe majina yote, afute kumbukumbu ya kosa, apeleke ukurasa ukiwa msafi, kazi ya mtu mmoja.

"Hatufuti, Anko."

"Hamfuti ninyi nani?"

"Sisi. Kila badiliko linabaki, na jina la aliyelileta na aliyelikubali. Ukifuta, hakuna atakayekuamini tena."

"Wale wenzako hawatakupa digrii."

"Najua."

Akaenda chumbani akaandika, mahali ambapo yeyote angeweza kusoma: nilikubali mabadiliko haya bila kuyasoma; kosa ni langu. Nimeishi nusu karne katika nchi hii na sijawahi kuona sentensi hiyo ikitoka katika ofisi yoyote. Nilimwambia mke wangu kwamba kijana amechanganyikiwa.

Siku ya jopo mvua ilikuwa kubwa, nikampeleka kwa gari. Niliruhusiwa kuketi nyuma ya ukumbi kwa sababu nina mvi na koti. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Daktari mmoja mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo. Alitazama ukurasa ukutani, akaushusha, akaushusha, hadi chini.

"Hawa watu ni nani?"

"Ni waliochangia, Daktari."

"Huu ni mradi wa mwaka wa mwisho ama ni harambee?"

Wenzake wawili walicheka, kwa kiwango kinachostahili mwenyekiti.

"Na hapa naona kosa. Ni la nani?"

"Ni langu. Lililetwa na mwingine, lakini mimi nililikubali bila kusoma."

"Kwa hivyo kazi ni ya wengine, kosa ndilo lako."

"Kazi pia karibu yote ni yangu. Historia iko hapo, Daktari. Inaonyesha kila mstari na aliyeuandika."

"Sina haja na historia. Kanuni inasema kazi binafsi."

Hakuna aliyeuliza kama lori hufika. Hakuna aliyeuliza habari za Ziwa hata kidogo. Huyu ni mtu wa makala za utafiti zinazobeba majina matano juu, la kwake likiwa la kwanza, na nina hakika wa tano ndiye aliyelala maabara. Nilitaka kusimama nimwambie hivyo. Kisha nikakumbuka kitabu changu chembamba cha insha, chenye kurasa mbili za shukrani kwa maprofesa ambao hawakukisoma, na hakuna aliyewahi kudai kwamba wao ndio walikiandika. Hilo nalo lingekuwa jibu zuri. Badala yake nilikunja mwavuli.

Walimwambia arudie mradi na asubiri mahafali ya mwaka unaofuata. Dada yangu alikuwa ameshaagiza hema na kuwatangazia walimu wenzake. Nilimpigia simu nikamweleza, nikiongeza maneno makali kuhusu kanuni na madaktari.

"Nilikupa kijana amalize," akasema, akakata.

Mradi wa pili aliutengeneza mlango ukiwa umefungwa, kwa muda mfupi ulionitia aibu kwa niaba ya chuo. Ulikuwa mfumo wa kuazima vitabu katika maktaba isiyokuwepo. Hakuna aliyeusaidia, hakuna aliyeuona, na hakuna aliyeuhitaji. Chini ya ukurasa palikuwa na jina moja. Daktari alisema huu sasa ndio mradi, akamwuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Walimpa alama za juu. Tangu siku hiyo mfumo huo haujafunguliwa na mtu, na ninafikiri uko salama.

Ule wa Ziwa unaendelea. Mtu wa nchi ya baridi aliandika ombi la msamaha refu kuliko insha zangu, kisha akaongeza onyo kwa watakaokuja: hapa siku huanza kuhesabiwa jua likichomoza, msiguse saa. Jina lake bado liko. Wala sitaki kuulizwa kwa nini la kwangu pia liko. Kulikuwa na neno la Kiswahili ambalo sikuweza kulivumilia, nikalisahihisha, na siwezi kusema nimeenda kuliangalia jina hilo mara ngapi.

Mwaka uliofuata tulienda Ainabkoi kwa sherehe. Kijana aliketi mbele akiwa na joho na shada la maua ya plastiki shingoni, simu ikiwa imefichwa chini ya mkono wa joho, akibishana na mtu. Mama yake alisimama kushukuru. Alianza na Mungu, akaja kwa mchungaji, kwa walimu wenzake, kwa mama aliyepika chapati, kwa mzee aliyeazimisha hema, kwa waliobeba viti, kwa jirani aliyenyamazisha mbwa wake. Alinitaja mimi na mke wangu, tukasimama, tukapigiwa makofi, nami niliinamisha kichwa kama mtu aliyezaa digrii hiyo mwenyewe. Akasema digrii hii ni yetu sote, na hakuna mtu hata mmoja chini ya hema lile aliyeona kasoro.

Alipofika kwa aliyeleta chumvi, mpwa wangu aliniinamia sikioni.

"Anko," akasema, "mwambie afute majina."