Radi Iliyopitia Laini ya Simu

Mwaka wa 2001 Naeku, mwalimu wa chekechea huko Kitengela, alikuwa akiandika kwenye kompyuta hadithi za marehemu mama yake, kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, akizitoa kwenye kanda za sauti. Alitaka kuzituma kwa dada yake Yvonne aliyehamia Kanada. Ilimbidi kwanza apate modem ya kuunganisha kompyuta na laini ya simu.

Katoo, mdogo wa mumewe aliyeishi nyumba ya pili, alikuwa na modem ya ndani, kadi inayofichwa tumboni mwa kompyuta.

"Weka kama yangu, shemeji. Hiyo ya nje ni kisanduku cha kujaza meza na mawaya tu."

"Lakini iko na taa," Naeku akamjibu. "Laini ikikufa naona. Yako ikinyamaza, unajuaje?"

"Nangoja tu."

Wakacheka. Naeku akanunua ya nje.

Alasiri moja ya Aprili alikuwa akimtumia Yvonne hadithi, wingu zito likitanda upande wa Athi. Hakujali. Ghafla radi ikapiga nguzo ya simu barabarani, stima ikapotea. Kisanduku kililipuka kama risasi, mfuniko ukagonga ukuta. Naeku alijikuta sakafuni, masikio yakivuma. Mezani, pale alipokuwa ameegemeza mkono, palikuwa na alama nyeusi ya moto.

Katoo akaingia mbio, miguu mitupu.

"Shemeji! Uko mzima?"

Naeku alishika meza, akainuka.

"Kompyuta yangu imeungua yote," Katoo akasema, kama mtu asiyeamini maneno yake mwenyewe. "Inafuka moshi tumboni. Nyimbo zangu zote za kwaya zilikuwa humo."

Stima iliporudi, Naeku aliogopa kugusa kompyuta. Katoo ndiye aliyeiwasha. Ikanguruma, ikawaka; radi ilikuwa imeishia kwenye kile kisanduku cha nje. Hadithi zilikuwepo, zote. Naeku hakushangilia. Alikaa akizitazama, meno yakigongana kana kwamba ni baridi.

Kwa wiki kadhaa baada ya laini kutengenezwa, simu ikilia alimwachia mumewe aipokee. Lakini kila Jumamosi Katoo alikuja kuandika upya nyimbo zake kwenye kompyuta ya Naeku. Aliposahau ubeti, Naeku, aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo, alimwimbia polepole, naye akaandika.