Alifungua kwa Kuambiwa

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ninamopika chai. Mama alipotutoka nilimlea mimi. Niliacha shule ili yeye asome. Alikuwa mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Kazi yake kubwa ilikuwa seva ya imeili. Alinieleza nikiosha vikombe: barua hutoka kupitia poti, kitu kama mlango, na pale mlangoni lazima utaje jina lako na neno lako la siri ndipo barua iende. "Bila hivyo, dada, kila tapeli atatuma uongo wake kwa jina letu."

Ofisini hawakupenda. Watu wa pale huazimana hata chanuo. Kuulizwa neno la siri waliona ni kuitwa wezi. Siku moja niliingia na chai, nikamkuta meneja amemsimamia kichwani.

"Fundi, hata mke wangu haniulizi mimi ni nani. Ondoa hayo maneno ya siri. Sisi hapa ni familia."

"Tutaingiliwa, bosi."

"Na nani? Mashine ya kuskani nayo imegoma kutuma nakala kwa imeili tangu uanze ulinzi wako. Fungua."

"Basi naomba uniandikie."

"Nikuandikie? Kwani tunafunga ndoa?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu akacheka nao, kisha akafungua. Alimwonea haya mkubwa wake.

Haikupita wiki, matapeli wakaigundua poti ile. Barua za uongo zikamiminika kwa jina la kampuni, wateja wakaibiwa, na seva za watu zikaanza kukataa hata barua zetu za halali. Wenye kampuni wakaita kikao. Meneja akasema fundi alifungua kwa hiari yake, hakuambiwa na mtu.

Nilikuwa nagawa chai. Nikasema, "Mimi nilikuwepo. Meneja ndiye aliyemwamuru afungue poti."

Meneja akanigeukia taratibu. "Mama Chai, poti ni nini?"

"Ni mlango."

Kicheko kilichozuka pale bado ninacho masikioni. "Basi katufungie, mama," meneja akaongeza, "baridi inaingia."

Mwenye kampuni mmoja hakucheka. Akamuuliza mdogo wangu, "Ni kweli anayosema dada yako?"

Akainamisha kichwa. "Dada hajui mambo haya. Ananitetea tu."

Akafukuzwa siku hiyohiyo. Nani amwajiri fundi aliyewafungulia wezi? Sasa anapakia saruji kwenye malori, na kifua kimeanza kumsumbua. Nilipomuuliza kwa nini alinikana mbele za watu, alisema, "Wangetufukuza sote, dada. Wanao wangekula nini?"

Wanangu wanakula. Nami kila asubuhi nawamiminia chai watu wanaoamini kwamba sikusikia nilichosikia, kwa sababu aliyewaambia hivyo ni damu yangu.