Mama Lishe wa Chamazi na Ugonjwa Tulioukimbia

Habari ya kifo chake niliipata kwenye kundi la simu la mtaa wetu: yule mama lishe wa Chamazi, aliyetulisha wali maharage miaka yote ile, amefariki kwa ugonjwa wa ini. Msomaji wangu, wenzangu waliandika kwamba wamesikitika. Mimi niliona aibu.

Hali yake aliijua alipokwenda kumchangia damu dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Damu ikakataliwa, akaambiwa ana homa ya ini aina ya B. Angeweza kunyamaza, lakini alisimama mbele yetu wateja wake, mwiko mkononi, akasema: "Jamani, nimepimwa nimekutwa nayo. Haipiti kwenye chakula, daktari kanieleza, inapita kwenye damu na mambo ya chumbani. Ila nyie nendeni mkapime. Asiye nayo achanjwe." Kisha akanipakulia. Nikamwambia nimeshiba, na sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Sikurudi tena. Nikawa napita njia ya nyuma, na majirani nikawaonya wasile kwake, mimi ninayeandika kila wiki kuhusu ujinga wa wengine! Siku chache baadaye nikaenda kupima huko Bunju, nisikojulikana. Sikukutwa nayo. Nikachanjwa dozi zote tatu, kimya kimya. Wateja wakamwishia, akafunga biashara. Nikasikia ameacha kliniki na dawa, maana kila alipoonekana pale maneno yalimfuata hadi nyumbani.

Msibani binti yake alinitambua.

"Shikamoo, baba. Mama alikuwaga anakuulizia. Anasema, sijui yule mwandishi alipima?"

"Marahaba. Nilipima, mwanangu. Na chanjo nikapata."

Akaniangalia. "Sasa mbona hukuja kumwambia? Angefurahi."



Tumezoea kusema watu wanakufa kwa kukosa elimu. Elimu mimi nilikuwa nayo; alinipa yeye, bure, ikanikinga. Nilichokosa ni moyo wa kukaa mezani kwake nikala mbele za watu. Virusi hivi vina dawa ya kuvituliza, na mgonjwa huweza kuishi navyo miaka mingi akifanya kazi zake. Lakini kliniki anakwenda mtu anayeweza kutoka nje bila kunyooshewa kidole, na sisi hatukumwachia hata hilo.